Jengo, baiskeli au kambi ya kusoma? Kuchagua mradi wa kusaidia watoto wa vijijini

Siku moja nilikaa kwenye benchi na msichana wa darasa la tano, mkononi nina karatasi moja tu. Juu kulikuwa na herufi, chini yake maneno mafupi, kisha sentensi mbili tatu, na mwisho hadithi ndogo ya kiwango cha darasa la pili. Alianzia kwenye hadithi. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akakisogeza polepole hadi mwisho wa mstari, midomo ikicheza, sauti haitoki. Tukapanda kwenye sentensi. Tukapanda kwenye maneno. Tulipofika kwenye herufi akataja kumi bila kusita, halafu akaniinulia macho kuona kama zimetosha.

Darasa tulimokaa lilikuwa jipya, limejengwa kwa michango, ukiwemo wa kikundi chetu. Sakafu ya saruji ilikuwa bado inang'aa. Daftari lake lilijaa mwandiko safi kabisa, kwa sababu kila siku alinakili ya ubaoni herufi kwa herufi, kama mtu anavyochora ua.

Tangu siku hiyo, kila kikao cha kuchagua mradi huwa nakiingia na swali moja: kinachomzuia mtoto wa kijiji hiki ni kitu gani? Je, hafiki shuleni? Anafika lakini mwili haumruhusu kutulia? Au anafika, anakaa, anamaliza mwaka, na hajifunzi? Hayo ni matatizo matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine. Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, asilimia 53 ya watoto wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma hadithi fupi na kuielewa. Wengi wao wako darasani. Kwa hiyo kundi la tatu ndilo kubwa, ingawa ndilo lisiloonekana kwenye picha.

Nitalinganisha miradi ambayo vikundi hupendekeza mara nyingi, nikianza na unaopendwa kuliko yote.

Jengo kubwa, au shule ndogo karibu na nyumbani

Sitaki kulidharau jengo. Kati ya 1973 na 1979 Indonesia ilijenga shule za msingi zaidi ya 61,000, na miaka mingi baadaye mwanauchumi Esther Duflo alipofuatilia takwimu aliona kwamba watoto waliozaliwa mahali shule zilipojengwa kwa wingi walisoma miaka mingi zaidi na walipokua walipata mshahara mkubwa zaidi. Pale ambapo shule haipo, kuijenga hubadilisha maisha.

Lakini neno zito hapo ni umbali. Katika mkoa wa Ghor nchini Afghanistan, badala ya kujenga shule kubwa ya katikati, madarasa madogo yalifunguliwa ndani ya vijiji vyenyewe, katika nafasi iliyokuwepo, na mwalimu akatafutwa hapohapo. Uandikishaji wa wasichana ulipanda kwa pointi 52 za asilimia, na alama zao za mitihani zikapanda pia. Sababu si ngumu kuielewa: mzazi anayeogopa kumwachia binti wa miaka saba njia ndefu ya peke yake hana hofu hiyo shule ikiwa nyumba ya tatu. Shirika la BRAC la Bangladesh lilianza na wazo la aina hiyo mwaka 1985: chumba kimoja, watoto thelathini hivi, mwalimu mmoja, mara nyingi mwanamke wa kijiji hicho hicho, anayekaa na watoto wale wale mwaka hadi mwaka.

Ukiyaweka mawili hayo pamoja, jengo la kudumu lina sifa ya kudumu, na serikali ikilikubali huleta walimu wake. Shule ndogo ya kijijini huanza haraka na kwa fedha kidogo, ila inamtegemea mtu mmoja. Mwalimu huyo akiolewa mbali au akipata kazi mjini, shule imekwisha. Mimi huchagua shule ndogo pale watoto wadogo wanapotembea mwendo mrefu, na huchagua jengo pale tu ninapooneshwa kwa maandishi nani atakayefundisha ndani yake. Shule yenye watoto 120 katika darasa moja, ukiiongezea chumba bila kuiongezea mwalimu, umepata vyumba viwili na mtu yule yule mmoja anayekimbia huku na huku.

Kuhusu vyoo nitasema machache: kama havipo, vitangulie jengo lolote.

Kumfikisha mtoto: baiskeli, sare, ufadhili

Hapa kuna miradi inayofanana kwa nje na kutofautiana sana kwa ndani.

Baiskeli nimezipenda tangu niliposoma habari za jimbo la Bihar nchini India. Mwaka 2006 serikali ya jimbo ilianza kuwapa wasichana wanaoingia sekondari fedha za kununulia baiskeli. Uandikishaji wa wasichana wa umri unaostahili ukapanda kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. Faida kubwa ilionekana katika vijiji vilivyo mbali na sekondari, kama mtu angetarajia. Na kwa kuwa kila msichana wa darasa lile alipewa, waliendesha kwa makundi, jambo lililowapa usalama barabarani na kuzoesha macho ya watu kumwona msichana akienda shule. Mradi unaogawa baiskeli tano katika shule nzima hauwezi kuleta hilo. Unaleta wivu, na mara nyingine baiskeli inaishia kwa kaka mkubwa. Uliza pia kuhusu vipuri na fundi, kwa sababu tairi likipasuka na hakuna pa kuziba, baiskeli itaegeshwa ukutani na msichana atarudi kutembea.

Ufadhili wa mtoto mmoja mmoja ndio unaogusa mioyo zaidi, na haki yake lazima niupe. Utafiti uliofanywa katika nchi sita na kuchapishwa mwaka 2013, kuhusu watoto waliofadhiliwa kupitia shirika la Compassion International, ulionesha kwamba walisoma kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu zaidi kuliko wangesoma bila ufadhili. Hilo si dogo. Kinachonisumbua ni ndugu za mtoto anayefadhiliwa. Mtoto mmoja anavaa viatu vipya, wawili wanabaki wanamtazama. Darasani naye anarudi kwenye benchi lile lile na mwalimu yule yule.

CAMFED, shirika la elimu ya wasichana lililoanza Zimbabwe mwaka 1993 chini ya Ann Cotton, lilichukua njia ninayoiona bora kwa wasichana wa sekondari. Hulipia ada na mahitaji, wanajamii wenyewe hushiriki kuwatambua wasichana walio katika hali ngumu zaidi, kisha wale waliosaidiwa wakamaliza shule hurudi kuwa washauri wa wadogo zao katika shule za vijijini. Msaada haukomi siku ya mtihani. Nikitakiwa kuchagua kati ya kumfadhili mtoto aliyeletwa kwangu kwa picha na kuchangia mfuko unaosimamiwa na kijiji, nachagua mfuko, hata kama sitapokea barua ya shukrani mwishoni mwa mwaka.

Mwili wa mtoto: minyoo, chakula, taulo za kike

Dawa ya minyoo ndiyo ya bei nafuu kuliko karibu kila kitu katika makala haya. Wanauchumi Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia shule 75 katika eneo la Busia, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, wakakuta utoro umepungua kwa robo pale watoto walipopewa dawa. Alama za mitihani hazikubadilika. Wataalamu wengine walizichambua upya takwimu zile mwaka 2015 wakazitilia shaka baadhi ya hesabu, na ubishi bado upo. Msimamo wangu ni huu: kama wahudumu wa afya wanathibitisha kuwa minyoo imeenea eneo hilo, lipia dawa bila kuchelewa, kwa kuwa mtoto mwenye minyoo anaumwa na hiyo peke yake inatosha. Usitarajie tu kwamba kidonge kitamfundisha kusoma.

Chakula cha shuleni ni upande wa pili kabisa wa mizani. Kinavuta watoto kuliko kitu kingine chochote, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya India iliamuru shule za msingi za umma ziwape watoto mlo uliopikwa. Lakini kinaliwa leo na kesho kinatakiwa tena. Kikundi kidogo kikianza kupika, watoto wakazoea, kisha fedha zikaisha muhula wa pili, kimeacha kijiji pabaya kuliko kilipokikuta. Kama hamna uhakika wa miaka mitatu, changieni mpango ulioanza tayari, msianzishe wenu.

Taulo za kike na vikombe vya hedhi mara nyingi hunadiwa kama dawa ya utoro wa wasichana. Jaribio moja lililofanyika Nepal halikuona mabadiliko ya mahudhurio. Hata hivyo ningetoa. Msichana anastahili kukaa darasani bila kuogopa kusimama, na sababu hiyo haihitaji takwimu. Sema tu ukweli kwa wachangiaji kwamba mnatoa kwa ajili ya heshima yake.

Vitabu peke yake, au kufundisha kwa kiwango cha mtoto

Hapa ndipo ningependa ukae zaidi, kwa kuwa ndipo wengi tunapokosea.

Vitabu vya kiada vinaonekana kuwa jambo lisilo na mjadala. Nani atapinga kitabu? Watafiti Paul Glewwe, Kremer na Sylvie Moulin waliligeuza kuwa swali. Shule za vijijini magharibi mwa Kenya zilipewa vitabu vya kiada, kisha wanafunzi wakapimwa. Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa juu tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao kilikuwa lugha ya tatu, na viliandikwa kwa mtoto anayekwenda sambamba na mtaala. Msichana wa benchi yangu angekipokea kitabu kama hicho kwa mikono miwili, angekifunika jalada vizuri, na asingeweza kusoma mstari.

Sasa tazama njia nyingine. Pratham, shirika lililoanzia Mumbai katikati ya miaka ya 1990, lilijiuliza: kwa nini tunamfundisha mtoto kulingana na darasa alilofika, badala ya kulingana na anachokijua? Wanafanya hivi. Kila mtoto wa darasa la tatu hadi la tano anapimwa kwa karatasi ya ukurasa mmoja, kama ile niliyokuwa nayo. Kisha kwa saa moja au mbili kwa siku madarasa yanavunjwa. Wanaojua herufi tu wanakaa pamoja, awe wa la tatu au wa la tano. Wanaosoma maneno kundi lao. Wanaosoma hadithi kundi lao. Wa herufi wanacheza na kadi za silabi chini sakafuni, wanaunda maneno, wanayatamka kwa sauti, wanasomewa hadithi kisha wanaisimulia. Baada ya wiki chache wanapimwa tena, na aliyevuka anahamia kundi la mbele. Zana zote zinaingia kwenye mfuko mmoja.

Njia hii imepimwa mara nyingi kwa majaribio makini, mengi yakiongozwa na Abhijit Banerjee na Duflo, waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2019 pamoja na Kremer. Majaribio hayo yalionesha pia inaposhindwa, na hilo ndilo lenye manufaa kwako unayechagua. Pale walimu walipopewa mafunzo na vifaa kisha wakaachwa waendelee, karibu hakuna kilichobadilika, maana mwalimu alirudi kukimbizana na mtaala. Ilifanya kazi pale saa maalumu ilipotengwa kwenye ratiba na mtu akawa anapita kuwasaidia walimu, kama ilivyokuwa katika jimbo la Haryana nchini India, au pale wafanyakazi wa Pratham, wakisaidiwa na watu wa kujitolea wa vijijini, walipoendesha kambi fupi za siku kumi kumi ndani ya shule, kama ilivyokuwa katika jimbo la Uttar Pradesh. Zambia nayo imeichukua njia hii katika shule zake za serikali.

Je, vitabu basi vitupwe? La. Kenya ilipoanzisha mpango wa Tusome mwaka 2015, kila mtoto wa madarasa ya mwanzo alipata kitabu chake, lakini pamoja nacho mwalimu alipata mwongozo wa somo siku kwa siku, na ofisa alimtembelea darasani kumwelekeza. Kusoma kukapanda nchi nzima. Kitabu hicho hicho kinachokaa kabatini bila kuguswa hufanya kazi kikiwa mkononi mwa mwalimu anayejua afanye nini nacho.

Kwa hiyo mradi ukisema "tutagawa vitabu 2,000", uliza nani atavifundisha na kwa njia gani. Jibu likiwa "walimu watajua wenyewe", fedha zako peleka kwingine.

Kompyuta

Nitapita haraka. Peru iligawa kompyuta ndogo za mpango wa One Laptop per Child (kompyuta moja kwa kila mtoto) katika shule za vijijini, na tathmini iliyofanywa katika shule 319 haikuona watoto wakifanya vizuri zaidi katika hesabu wala lugha. Mwaka 2023 jopo la wataalamu wa kimataifa wa elimu liliiweka teknolojia inayogawiwa peke yake kwenye orodha ya matumizi mabaya ya fedha. Pasipo umeme wa uhakika, fundi, na mtu wa kufundisha, msizipeleke.

Mwalimu wa ziada, na habari kwa mzazi

Hii ni miradi miwili inayosahaulika vikaoni, labda kwa sababu haina kitu cha kukabidhi.

Kumlipa mwalimu wa ziada wa kijijini kwa mkataba ni kazi kikundi kinaweza kuibeba. Jaribio lililofanyika magharibi mwa Kenya lilionesha watoto waliofundishwa na walimu hao wakifanya vizuri kuliko waliokuwa na walimu wa kudumu, na walimu hao walikuwa darasani mara nyingi zaidi. Lakini mpango kama huo ulipopanuliwa chini ya serikali, faida ilipotea. Kinachotofautisha ni usimamizi: nani anajua kama mwalimu amefika leo? Kule Udaipur, India, shirika la Seva Mandir liliwapa walimu kamera za kupiga picha darasani mwanzo na mwisho wa siku, na malipo yakafuata siku walizofundisha. Utoro wa walimu ukashuka kutoka asilimia 42 hadi 21. Sisemi mnunue kamera. Mzazi mmoja wa kamati anayepita kila asubuhi na daftari anaweza kuifanya kazi hiyo, ilimradi daftari lisomwe mwisho wa mwezi.

Habari kwa mzazi ni rahisi zaidi. Jopo lile lile la 2023 liliweka kwenye safu yake ya juu kabisa jambo dogo: kuwaeleza wazazi na watoto, kwa namba za kweli, mtu aliyemaliza shule hupata kiasi gani ukilinganisha na aliyeacha. Lilifanya kazi Madagascar na Jamhuri ya Dominika, mahali ambapo familia zilidhani faida ni ndogo kuliko ilivyo. Mkutano wa saa mbili chini ya mti. Uambatanishe na mradi wowote mtakaouchagua.

Nani atekeleze

Shirika kubwa lina wahasibu na vipimo, na linaweza kununua dawa au vitabu kwa wingi na kwa bei ya chini. Kikundi kidogo cha hapo kijijini kinajua kwa nini watoto wa kitongoji fulani hawaji siku za mnada, na kikikosea kinaambiwa kesho yake. Kwa dawa ya minyoo na mafunzo ya walimu naliamini shirika kubwa. Kwa kuchagua nani apate ada na kusimamia mwalimu wa mkataba nakiamini kikundi kidogo, mradi kiwe na watu watatu wanaosaini hundi na waraka wa matumizi ubandikwe mlangoni mwa shule.

Wote waulizeni maswali yale yale. Mwaka jana mlijaribu nini kikashindikana? Mlipima watoto kabla ya kuanza? Mkiondoka, nani anabaki na mradi? Anayekujibu kwa idadi ya vitu alivyogawa hajajibu. Anayekuambia "tulianza na watoto 60 wasiojua silabi, wamebaki 22", huyo mketishe mzungumze vizuri.

Kama ningepewa fedha kesho

Kijiji ambacho watoto wadogo hawana shule karibu: shule ndogo ndani ya kijiji, na fedha za miaka mitatu ziwe tayari kabla ya siku ya kwanza. Kijiji ambacho wasichana wanamaliza msingi na kupotea: baiskeli kwa kila msichana kama tatizo ni njia, mfuko wa ada wa pamoja kama tatizo ni fedha. Kijiji ambacho shule ipo na imejaa: kambi za kusoma kwa kiwango cha mtoto, kisha mwalimu wa ziada. Na kama hujui kijiji kiko katika hali gani, usikisie.

Andika karatasi ya kupimia kwa mkono katika lugha ambayo watoto wanafundishwa kusomea: herufi kumi, maneno kumi, sentensi nne, hadithi ya mistari minane. Nenda shuleni kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, chukua orodha ya mahudhurio ya darasa la tatu, la nne na la tano, chagua kila jina la tano ili usiletewe wale wazuri tu, ukae na kila mtoto dakika tatu mahali wenzake hawamsikii. Wasiokuwepo siku hiyo andika majina yao pembeni, ukatafute nyumbani kwao sababu. Kufikia jioni utakuwa na ukurasa wenye hesabu mbili, wangapi hawakuwepo na wangapi hawakuweza kusoma sentensi. Peleka ukurasa huo kwenye kikao, uwekwe mezani kabla mtu yeyote hajataja jengo.